Mkandarasi wa Pili

...na hata viatu hakuambiwa avue, alivivua mwenyewe pale mlangoni akaviweka pembeni, soksi ya kushoto imetoboka, kidole gumba kinachungulia, na Pura akaona haya kwa niaba yake, kisha akajiuliza tundu la soksi lihesabiwe vipi, la kumpunguzia mtu alama au la kumwongezea, maana yule wa kwanza alikuja na viatu vinavyong'aa akaingia navyo mpaka jikoni, na Ambrosio mumewe akafuta matope nyuma yake, mkandarasi bwana, mtu mkubwa, ana gari lenye jina lake ubavuni... huyu wa leo kaja na pikipiki, kapanda juu kukagua paa akashuka, vumbi la kutu bado limemganda kwenye nyusi, na sasa amekaa kwenye kiti cha Ambrosio pasipo kujua kwamba ni cha Ambrosio, kofia juu ya goti, karatasi zake kazitandaza mezani kati ya kikombe cha kahawa na sahani ya wali wa kunata uliofungwa kwenye majani, na simu imeegemezwa kwenye chupa ya siki ili Arlyn amwone vizuri kutoka huko Jeddah, Arlyn binti yao wa pekee, ndani ya sare yake ya uuguzi, uso umejaa kioo chote. "Isogeze karibu hiyo leseni, Manoy Crisanto," sauti ya Arlyn ikasema, akimwita kaka kwa heshima ya kisiwani, "nataka kusoma jina." Crisanto Bagadion akaiinua leseni kwa mikono miwili, taratibu, kama padri anavyoinua hostia. "Jina ni langu, dada. Na picha hii ni mimi, enzi hizo nina nywele." Arlyn hakucheka. "Ni leseni yako kweli, au umeazima ya mtu? Maana wapo wanaokodisha leseni kama watu wanavyokodisha viti vya harusi." Yesu na Maria, huyu mtoto, Pura akawaza, mgeni hajafika hata nusu ya kahawa yake anaulizwa kama ni mwizi, na akasogeza sahani ya wali mbele kidogo, kama vile wali ungeweza kuomba radhi, lakini Crisanto alikuwa anajibu tu kwa sauti ileile, kwamba ni yake, kwamba ofisi iliyoitoa ipo na namba yao imeandikwa pale chini, apige aulize, yeye angekuwa mbali na nyumbani angepiga... na kwa nini anajibu kwa upole hivyo, je, ni upole au ni mazoea, maana hata yule wa kwanza alikuwa mpole, alikuwa na maneno ya asali, na karatasi zenye mihuri mingi kuliko hizi, mihuri ya buluu na myekundu, Ambrosio alipitisha kidole juu yake akasema huyu mtu anajulikana mpaka Manila.

Naye Arlyn siku zile hakuuliza kitu. Alitumiwa picha za nyumba za watu wengine, mapaa yanang'aa, akasema Mama, nimempata mkandarasi, akasema kwa furaha kiasi kwamba Pura naye alifurahi bila kujua anafurahia nini, chumba cha juu, Mama, kitakuwa changu, dirisha liangalie vilima vya migomba ya abaka, nikirudi nitalala mpaka saa nne asubuhi na mtu asiniamshe... mtoto ambaye sokoni hakuweza kumpunguzisha bei muuza samaki, analipa alichoambiwa na kuongeza asante, huyo ndiye leo anamhoji mtu mzima kama polisi, ulimi huu kautoa wapi, labda Jeddah, labda wagonjwa, labda... "Fundi wako akianguka kutoka juu, nani anamtibu?" Crisanto akachomoa karatasi nyingine. "Bima ya mafundi hii hapa, haijaisha muda. Fundi wangu Teroy alivunjika mkono, wakamtibu. Anakaa nyuma ya soko, muulize. Ila uwe na muda, dada, atakujibu na usichomuuliza." Safari hii kona ya mdomo wa Arlyn ikasogea kidogo, ikarudi. Pura alimfahamu huyo Teroy, kweli ana domo, na akawaza kwamba mtu anayekuelekeza kwa shahidi mwenye domo pana huenda hana la kuficha, lakini akajizuia, usifanye haraka kumpenda mtu, Pura, ulishafanya haraka... ingawa yeye naye alikuwa na uchunguzi wake ambao Arlyn hakuujua, alikwenda kwa mwalimu mstaafu Visitacion ambaye nyumba yake iliezekwa na huyuhuyu, akajifanya kaenda kuomba mbegu za tangawizi, akakaa, akawa anainua shingo kila Visitacion alipogeuka, mpaka Visitacion akasema, "Pura, umekuja kuangalia dari yangu, siyo tangawizi. Basi angalia, usije ukateguka shingo," na wakaangalia wote wawili, na Visitacion akamweleza kwamba huyo mtu alimkera sana, aligombana naye siku nzima juu ya mbao za zamani, yeye akitaka zibaki kwa kuwa ziliwekwa na baba yake, na Crisanto akigonga mbao moja baada ya nyingine akisema hii imeoza, na hii imeoza, na mwisho akakusanya vifaa vyake akasema Mwalimu, tafuta mtu mwingine, mimi siezeki juu ya uozo, na alikuwa keshafika barabarani Visitacion alipomwita arudi. Hilo Pura aliliweka moyoni, halikuwa na muhuri lakini aliliweka.

"Na mapaa uliyoezeka," Arlyn akauliza, "lipo lililowahi kung'oka?" Nje mtu alikuwa anapasua kuni, akaacha, na turubai juu ya chumba cha Arlyn likapigapiga, turubai la msaada lililochakaa, ambalo tangu kile kimbunga limekuwa ndilo paa. Crisanto alisugua ukingo wa kofia yake. "Lipo," akasema. "Moja, huko kaskazini. Katika kimbunga kilekile. Mabati ya upande wa bahari yaliondoka, kenchi zikabaki. Mwenye nyumba hakuniita, nilikwenda mwenyewe kuangalia kazi zangu zote, nikaikuta hiyo. Nikayarudisha." "Kwa nini yaliondoka?" "Pembeni niliachanisha skrubu mno. Sasa pembeni nazibananisha." Alisema hivyo tu, kimbunga kilekile, kama mtu anavyotaja jamaa asiyependeza ambaye kila mtu anamjua, na Pura akaangalia mikono yake mwenyewe juu ya meza kwa sababu mara ilikuwa alfajiri ile tena, upepo haukuwa upepo bali mngurumo wa kitu kinachokokotwa juu ya ulimwengu, wamejibanza bafuni, ndipo penye zege, yeye na Ambrosio na rozari na redio iliyokwisha kufa, na juu yao chumba kipya cha Arlyn kilianza kuimba, misumari ikitoka mmoja mmoja, inalia kama mlango, na Ambrosio akasema chumba cha mtoto. Hakusema paa. Chumba cha mtoto, akasema, na akachukua kamba ya abaka aliyoisokota mwenyewe, nene kama kifundo cha mkono, alikuwa mtu wa abaka maisha yake yote, akiamini hakuna kitu abaka haiwezi kukishika, na Pura alimkamata shati, akalikamata kweli, vifungo vikabaki mkononi mwake, na Ambrosio akapanda ngazi akaifunga kamba kwenye kenchi, ncha nyingine akaizungusha kiunoni kwake na kwenye nguzo, akaning'inia kwa uzito wake wote, mzee mwembamba yule, uzito gani, akavuta kama anavyovuta nyuzi kwenye kisu cha kuparia, na Pura chini ya ngazi anamwita, anamwita, halafu paa lote likanyanyuka, siyo bati moja moja, lote, kenchi na mabati pamoja, kama mtu anavyofunua sufuria, likamnyanyua naye kwa kamba yake, kisha kenchi moja ikavunjika ikarudi chini pamoja naye, juu ya kifua chake... aliishi mpaka adhuhuri, jua likatoka, jua zuri kabisa, akauliza kama kitanda cha Arlyn kimelowa.

Moyo, walimwambia Arlyn. Minara yote ya simu ilianguka, na simu ya kwanza ilipokamata kule kilimani Arlyn akasema Mama, Mama, na Baba, na Pura akasikia neno likimtoka lenyewe, moyo, mwanangu, moyo wake ulisimama, hakuteseka, na jirani zake waliokuwa wamesimama foleni nyuma yake kusubiri mtandao wakatazama chini, na toka hapo mtaa mzima ukabeba lile neno, katika sala zote za siku tisa kila aliyeongea na Arlyn alisema moyo, maana ungemwambiaje, ungemwambiaje mtoto kwamba paa alilolichagua mwenyewe, alilolilipia kwa kukesha na wagonjwa wa watu, chumba cha mtoto... afadhali moyo. Mwaka uliofuata Arlyn hakuja kwa misa ya kumbukumbu, alisema wamemnyima likizo, na Pura akashukuru, Mungu amsamehe, akashukuru kwamba hatapanda ngazi zile na kutazama na kuuliza, na kila Jumapili wakizungumza Pura anazungumza kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa mpaka ukingoni, na ndiyo maana hata sasa alitaka mambo haya yaishe upesi, maswali yote haya ya paa, kila swali linasogelea pale, sasa hivi atakohoa kidogo na kusema basi, Arlyn, yatosha, mwache mgeni anywe kahawa, alikwisha vuta pumzi ya kusema...

"Na kenchi," Arlyn alikuwa anasema, "kwenye ukuta utazishikizaje? Nataka kujua hilo hasa. Maana zile zilipigiliwa misumari tu, Manoy, mifupi, hakuna hata mkanda mmoja wa chuma, hakuna kitu kilichozishika na nguzo, ndiyo maana zilinyanyuka zote kwa pamoja, hata kamba ya..." na akanyamaza. Hata kamba ya. Pura hakuinua uso. Kamba, nani alimwambia habari ya kamba, hakuna aliyemwambia kamba, kwenye moyo uliosimama hakuna kamba... na misumari kuwa mifupi, na mikanda kutokuwepo, mtu aliye Jeddah anajuaje urefu wa msumari kama hakuuliza, akauliza tena, kwa mtu aliyeokota vile vipande... binamu yake labda, au Teroy yule, au Visitacion, lakini haidhuru ni nani, haidhuru kabisa, anajua. Alijua lini. Pura akarudi nyuma haraka kwenye zile Jumapili zote, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, sauti ya Arlyn akisema umekula, Mama, umekunywa dawa, kule kunyamaza kwake mahali ambapo zamani angesema Baba, ile likizo aliyonyimwa, na Pura akaelewa kwamba hakunyimwa, na kwamba bakuli lile lilikuwa mawili, kila mmoja kabeba lake upande wake wa bahari, anatembea polepole asimmwagie mwenzake. Na haya maswali. Siyo ya huyu bwana wa soksi iliyotoboka. Anamuuliza yule wa kwanza. Leseni ni yako, akianguka nani anamtibu, lipo lililong'oka, kila swali ambalo siku ile alipokuwa na furaha hakuliuliza, analiuliza leo, kwa mtu asiyehusika, huku amenyoosha mgongo ndani ya sare... mwanangu, siyo wewe, alitaka kusema, ni misumari ya mtu mwingine, wewe ulitaka dirisha tu, lakini mgeni yupo, na simu ni ndogo.

Crisanto naye hakuinua uso. Alikuwa mtu wa kisiwa hikihiki, alijua jinsi Ambrosio alivyokufa, kila mtu alijua, na alitazama ndani ya kofia yake kwa muda kabla ya kusema, "Mikanda ya chuma, dada. Kila kenchi. Na nondo ndani ya nguzo mpaka kwenye msingi. Nitakupigia picha ya kila mkanda kabla dari haijaufunika, uone kwa macho yako." "Kila mmoja," Arlyn akasema. "Kila mmoja." Turubai likapiga, likatulia. Kahawa bado ilikuwa inatoa mvuke kidogo. Crisanto akaanza kuzikusanya karatasi zake, kona kwa kona, akamgeukia Pura, akasema kwa upole, kama kwa dada mkubwa, "Basi, Manay, kama maswali yamekwisha..."

"Hayajakwisha," Pura akasema. Akanyoosha mkono akaigeuza simu kidogo kwenye chupa, ili yeye naye aonekane, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akamtazama binti yake usoni. "Uliza, mwanangu. Uliza yote. Sisi tupo." Na kule mbali, mbele ya ukuta mweupe, Arlyn akajifuta pua kwa kiganja, akavuta pumzi, akauliza kuhusu skrubu.