Swali la Mito

Hasna Khalidi alifika dirisha la vitambulisho, Bunda mjini, jasho la foleni likiwa limemkauka mgongoni na kutoka tena. Haja yake ilikuwa moja: namba. Chuo cha uuguzi kule Musoma kilikuwa kimemwita, Jumatatu ndiyo mwisho wa kuripoti, na bila namba ya kitambulisho cha taifa hapokelewi.

Ofisa Chrispin alikuwa akitafuna karanga. Akamtazama pua, akamtazama nywele zilizochungulia chini ya mtandio.

"Wewe Msomali."

"Mimi wa Manyamanyama, kaka. Mama yangu Mwikizu."

"Baba je?"

"Kazaliwa hapahapa."

"Na babu?"

Babu Muharami alitoka Somalia akiwa kijana, akawa mnunuzi wa ng'ombe, akazeeka na kuzikwa Manyamanyama. Mwaka wa vita vya Kagera serikali ililichukua lori lake likabebe askari. Lilienda, halikurudi, wala fidia haikuja. Siku ile hakuna aliyeuliza kabila. Lori lilikuwa raia safi.

"Babu marehemu," alisema.

"Ahaa. Haya, nitajie mito miwili mikubwa ya Somalia."

Asubuhi mama yake, Mwanaupe, alikuwa amemwonya: "Wakikuuliza ya huko, sema sijui. Hao wanategaga watu." Lakini swali lilimkuta kama lilivyokuwa likimkuta kidato cha pili, Mwalimu Magesa amesimama na fimbo ya mkwaju. Kwa Magesa asiyejua alichapwa. Mdomo ukatangulia akili.

"Juba na Shebeli."

Karanga ikakwama njiani. "Umeona? Mtanzania gani anajua mito ya Somalia?"

"Tulifundishwa, kaka! Iko kwenye silabasi. Niulize hata ya Ethiopia."

"Ala! Kumbe na Ethiopia ulipitia?"

"Basi niulize ya hapa. Mara, Mori, Suguti..."

"Hiyo umekariri."

Nyuma yake Danford, fundi baiskeli mwenye grisi mpaka kwenye nyusi, akapaza sauti: "Bosi, hata mimi naijua! Juba na Shebeli. Magesa alinichapaga kwa hiyo Juba, alama ninayo mpaka leo. Nikuoneshe?"

"Usimwoneshe, atakimbia!" Agness, muuza dagaa, akadakia. "Juba na Shebeli! Basi sote Wasomali, tupeleke kwetu!"

Foleni nzima ikaangua kicheko, na mito ile miwili ikatajwa mpaka mlangoni.

Chrispin alisimama. Akazisukuma karatasi za Hasna nje ya dirisha. "Lete cheti cha kuzaliwa cha babu yako, cha Tanzania hii. Huna, rudi kwenu. Na nyie wengine mnaochekacheka, mtandao umekata. Kesho."

Kibao cha dirisha kikashuka pwaa.

Kicheko kikafa palepale. Agness yuleyule akajitwisha ndoo yake, uso umemvimba. "Na wewe dada, ungesemaga tu hujui! Tangu alfajiri nimesimama hapa, dagaa wangu wananuka." Danford alitazama viatu vyake, akaondoka bila kuaga. Ndivyo wanavyotuweza: dirisha likifungwa, tunageukiana.

Hasna alikaa kwenye ngazi chini ya dirisha, karatasi mapajani. Jiografia alipata A. Cheti cha kidato cha nne kilikuwa humohumo, kina muhuri wa serikali ileile.

Jua lilipoegemea upande wa ziwa, mlinzi alikuja akizungusha funguo kidoleni.

"Binti, pamefungwa. Si umeambiwa urudi kwenu?"

"Nimesikia, baba."

"Sasa unasubiri nini?"

"Lori la babu yangu," Hasna alisema. "Mlilichukua kwenda vitani. Likirudi, nitapanda."