Kwetu Hakuna Anayekufa

Mume wangu alichomelea vyuma kwa miaka thelathini na minane. Miaka yote hiyo alikuwa akirudi nyumbani jioni, ananawa, anakula, kisha anaketi kutazama watu wakipigana. Siku moja nilimwuliza kama kelele za karakana hazikumtosha. Akasema zile ni kelele za kazi, hizi za kwenye televisheni ni za kupumzika.

Tuna makasha mawili ya filamu chini ya deki. La kwake ni la mapigano matupu. La kwangu ni la filamu za mambo ya kweli: wanyama, vilindi vya bahari, watu wanaojenga madaraja, na moja ya nyuki ninayoipenda sana. Sheria ya nyumba ni ya zamani: moja yake, moja yangu, na hakuna kusinzia kwenye filamu ya mwenzio. Kila ikifika zamu ya nyuki, sheria hiyo aliivunja. Mimi nami kwenye zamu zake nilikuwa nageuza kiti, naipa televisheni mgongo, nashona. Kushona ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilistaafu kutoka chumba cha kushonea cha hospitali, ambako tulikuwa tunaziba mashuka yaliyochanika.

Macho yake yalipoanza kuziba, aliilaumu televisheni. Akafuta kioo kwa kitambaa, akafuta tena. Kisha akasema diski zina mikwaruzo. Muuza filamu wa pale kona alimbadilishia diski tatu bila kuuliza neno, akizifuta moja moja kwa upande wa ndani wa shati lake. Nadhani yule bwana alijua kabla yetu kwamba tatizo si diski.

Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ulipofika mwaka wa pili alikuwa amebaki na mwanga na vivuli tu. Mimi nikageuza kiti changu, nikaanza kumsimulia.

Mwanzoni nilisimulia vibaya.

"Mtu anakimbia," nilisema. "Na mwingine anakimbia."

"Nani anamkimbiza nani?"

"Yule anamkimbiza yule."

"Yule yupi, mama watoto?"

"Mwenye koti."

"Hao wote wana makoti. Filamu za namna hii hata mbwa ana koti."

Taratibu nikajifunza. Nikajua kumtaja mtu kwa kitu kimoja kisichobadilika: kovu, kofia, mwendo. Nikajua kusema mlango uko upande gani kabla mtu hajaingia. Mume wangu aliketi ukingoni mwa kiti, mikono magotini, na mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki kila gari lilipofika kwenye kona.

Kosa langu lilianza kwenye filamu ya polisi mmoja na rafiki yake mnene. Rafiki huyo alikuwa mcheshi, mdomo wake haukosi kitu, na mume wangu alicheka kila nilipotaja anachotafuna. Karibu na mwisho akapigwa risasi kwenye ngazi. Nilimwona anaanguka. Nikamtazama mume wangu, anasubiri neno langu.

"Ameumia mguu," nikasema.

"Mguu tu?"

"Mguu tu. Wanampeleka hospitali."

"Afadhali," akasema, akaegemea kiti.

Basi ikawa desturi. Wiki iliyofuata nilimponya swala mdogo aliyekuwa anavuka mto wenye mamba. Nikamponya dereva wa lori, mama mwenye duka, farasi wawili. Hata maadui nilianza kuwapeleka jela badala ya kaburini, maana nao wana mama zao. Mume wangu hakulalamika. Mara moja tu alisema, "Huyu adui ana bahati, jengo limemwangukia na bado anapumua." Nikamwambia lilikuwa jengo dogo.

Mwaka huu daktari wa macho alitwambia kwamba mtoto wa jicho amekomaa. Akizidi kuachwa, kumtoa kutakuwa kazi ngumu. Akatupa nafasi ya Jumatano, jicho la kulia kwanza. Mume wangu akashukuru vizuri, kwa adabu, na tulipofika kwenye korido akasema haendi.

Nilijua sababu. Mwenzake wa karakana, waliyemwita Nyundo, alikwenda kupasuliwa akiwa anaona ukungu, akarudi haoni kitu. Hilo lilikuwa kaburi lake la siri, hakupenda lichimbuliwe. Lakini siku hiyo alitoa sababu nyingine.

"Niende nikakatwe jicho la nini?" alisema, akanishika mkono. "Mimi macho yangu ninayo."

Neno hilo lilinifurahisha njia nzima, likanisumbua tulipofika nyumbani.

Tunaishi na mkwe wetu, mke wa kijana wetu anayefanya kazi mbali. Ni msusi, anawasuka wateja hapa hapa nyumbani. Maneno yake ni kama vitana vyake, yanaingia mpaka kwenye ngozi, lakini hata siku moja hajaniumiza kwa makusudi. Alinikuta jikoni.

"Mama, nikwambie kitu utachukia?"

"Sema nichukie."

"Anayemzuia baba ni wewe. Mtoto wa mgongoni hajui urefu wa safari. Umembeba, ametulia. Ana haja gani ya kushuka?"

"Nimwache peke yake kwenye giza, mwanangu?"

"Sikusema umwache. Lakini una miaka sabini na miwili. Ukiugua wewe, nani atamwambia nani kapigwa?"

"Si upo wewe?"

"Mimi? Mimi nitamwambia steringi kafa dakika ya kwanza, nikapike."

Tulicheka, maana kila mtu anajua steringi, yule shujaa wa filamu, hafi. Lakini nilikuwa nimemwelewa.

Pale kliniki muuguzi alikuwa ametupa DVD inayoonesha upasuaji wenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, tukaitazame nyumbani. Alikuwa ameifunga kwenye bahasha na kuandika kwa herufi kubwa jinsi ya kutumia dawa za matone, kwa ajili ya macho yangu mimi. Jumapili baada ya chakula niliiweka kwenye deki.

"Zamu ya nani?" mume wangu akauliza.

"Yangu. Ni ya macho."

Alinuna, ila hakuondoka. Nikaanza kusimulia. Nikasema chumba ni safi. Nikasema daktari ana mkono mwepesi, mgonjwa ametulia, haumii hata kidogo, anatabasamu.

"Zima," akasema.

"Ndiyo kwanza inaanza, mzee."

"Zima, mama watoto. Kwenye filamu zako kila mtu anatabasamu."

Nikazima. Sauti ya redio ya jirani ikawa inapita dirishani.

"Yule rafiki mnene wa polisi alikufa kwenye ngazi," akasema taratibu. "Filamu ile niliinunua mwenyewe. Niliiona mara kumi na moja kabla macho hayajaziba, wewe ukiwa umekaa hapo unashona, mgongo kwangu. Na yule swala wako aliyevuka mto. Nilisikia mifupa yake, wewe ukiniambia anakula majani."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Ulikuwa unasimulia vizuri. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako ilikuwa imekwenda miaka miwili, nikasema ngoja nione itafika wapi." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nilipenda walivyokuwa wanapona. Lakini hili ni jicho langu. Hapa siwezi kukuamini."

Hakuwa na hasira, na ndiyo maana ilinichoma. Miaka hamsini tumekaa pamoja sijawahi kumsikia akisema hawezi kuniamini. Na alikuwa na haki. Nilikuwa nimeziba kila tundu kwa uzi mzuri, na sasa nilipotaka aone kitu kilivyo, hakuwa na pa kutazamia. Jumatano ilikuwa imebakiza siku mbili katikati.

Jumatatu, sahani zilipotolewa, nilikwenda kwenye kasha lake.

"Leo ya nani?"

"Yako. Ya polisi na rafiki yake mnene. Leo naisimulia yote."

Akasogea ukingoni mwa kiti.

Nikasimulia. Watu watatu wa kwanza walikufa kabla chai haijapoa, nikawataja mmoja mmoja. Mkwe wangu alikuja na kitana mkononi, akasimama mlangoni, akarudi kwa mteja wake akitembea kwa ncha za vidole.

Tukafika kwenye ngazi.

"Anapanda," nilisema. "Anahema. Mlango wa juu umefunguka. Risasi mbili, kifuani. Ameshika reli, imemponyoka. Ameketi kama mtu aliyechoka. Amekufa, mzee."

"Alikuwa anatafuna nini?"

"Karanga. Zilikuwa mfukoni. Zimemwagika ngazi nzima, zinaruka moja moja mpaka chini."

Mume wangu aligeuza uso kunielekea. "Karanga sikuziona," akasema. "Mara zote kumi na moja, sikuziona."

Filamu ilipokwisha, mwenyewe akasema, "Haya, weka ile ya macho."

Safari hii sikumruka hata mtu mmoja. Nikasema mgonjwa anaogopa, vidole vyake vinacheza chini ya shuka. Nikasema kuna sindano ya ganzi karibu na jicho, na amekunja uso ilipoingia. Nikasema kuna kidude cha chuma kinachoshikilia kope zisifumbe.

"Kama jiriwa?"

"Kama jiriwa, ila ndogo kuliko ukucha."

"Damu?"

"Tone. Wamelifuta."

Nikamweleza jinsi mtoto wa jicho anavyovunjwavunjwa na kunyonywa nje, na jinsi lenzi mpya inavyoingia ikiwa imekunjwa, kisha ikajifungua yenyewe humo ndani.

"Hawachomelei?"

"Hawachomelei. Wala hawashoni, hata uzi mmoja. Kidonda kinajifunga chenyewe."

"Kazi safi," akasema fundi, na nikajua amesahau kidogo kwamba ni jicho.

Mwishoni wakaonesha wagonjwa wanne wakifunguliwa bandeji. Wa kwanza alimwona mjukuu wake. Wa pili alicheka. Wa tatu alisoma saa ya ukutani. Wa nne alikuwa mama wa makamo yangu. Bandeji ikatoka, akafungua jicho, akageuza kichwa huku na huku, na macho yake hayakusimama popote. Maandishi ya chini ya kioo yakaeleza kwamba mshipa wa jicho ulikuwa umekufa zamani, haikuwezekana kujua mpaka walipomwondoa mtoto wa jicho.

Rimoti ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuishia kwa yule wa saa, na asingejua. Hii hakuwahi kuiona.

"Wa nne haoni," nikasema.

"Haoni kabisa?"

"Kabisa. Wanasema jicho lilikuwa na ugonjwa mwingine."

"Analia?"

"Halii. Ameupapasa mkono wa daktari, ameushika. Anamwambia asante kwa kujaribu. Anayelia ni daktari."

Mume wangu alifikicha magoti yake. Nadhani alikuwa na Nyundo mawazoni, nami nikamwacha naye.

"Wewe ungemponya huyo mama," akasema hatimaye.

"Ningemponya."

"Basi Jumatano tuamke mapema. Foleni ya pale ni ndefu."

Siku yenyewe niliketi kwenye benchi la korido. Muuguzi aliniletea mto wa kuegemea, akasema benchi hilo liliundwa na mtu asiye na mgongo. Sikuomba mto, aliona mwenyewe. Saa moja na nusu baadaye mume wangu alitoka akiwa na bandeji, ameshikwa mkono, analalamika kwamba hakuna aliyemwambia ile taa ni kali kiasi kile. Nikamwambia niliisahau taa. Akasema nimesamehewa taa.

Kesho yake wakamfungua. Hakutazama uso wangu kwanza. Alitazama mkono wangu, uliokuwa umelala juu ya wake.

"Hili kovu ni la lini?"

"Pasi. Mwaka juzi."

"Ulisema hukuumia."

"Nilisema."

Alilipapasa kwa kidole, polepole, kama anavyokagua kiungo cha chuma kilichopoa. Ndipo akainua uso, akaniangalia sana, akasema nimezeeka vizuri. Yeye nilimwambia amezeeka kawaida.

Jicho la kushoto litafuata mwezi ujao. Kwa sasa anatazama kwa moja, na anasema moja linatosha kwa filamu za wanyama. Muuza filamu alimpa mpya ya mapigano, akakataa kabisa kupokea kitu, akasema ni ya kulijaribia jicho.

Tuliiweka mchana wa Jumamosi. Mimi nikageuza kiti changu kama zamani, mgongo kwa televisheni, nikashika gauni la mkwe wangu lililofumuka pindo. Uzi ulinishinda kwenye tundu la sindano. Mume wangu akaichukua sindano mkononi mwangu, akalifunga jicho lake bovu, akatunga, akanirudishia. Kisha akawa ananisimulia: steringi yuko juu ya paa, dereva wao anasubiri chini, gari limewaka.

Mlio mkubwa ukasikika. Kisha mwanamke akalia, na ukaanza ule muziki wa polepole. Miaka miwili nimeusikia muziki ule, naujua unapigwa wakati gani. Mume wangu alinyamaza.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Dereva," akasema. "Ameumia mguu."

"Mguu tu?"

"Mguu tu. Wanampeleka hospitali."

"Afadhali," nikasema, nikaendelea na pindo langu.