Miswaki ya Kuonyesha

Muuguzi wa meno, ambaye kina mama walimbandika jina la Bibi Meno, alikuwa amechoka na hakuona haya kusema kwamba amechoka. Miezi minne mfululizo aliimba wimbo ule ule pale kliniki: mpigisheni mtoto mswaki asubuhi na kabla ya kulala, msingoje aanze shule. Na miezi minne mfululizo alijibiwa jibu lile lile.

"Si meno ya utoto tu, dada? Yatang'oka yenyewe."

Mwezi wa tano akabuni mbinu. Aligawa miswaki midogo, mmoja kwa kila mtoto wa chekechea, kisha akatangaza kwa sauti ya kuwatisha: "Kliniki ijayo kila mama aje nao. Nitaukagua!"

Siku ikafika. Kina mama wakajipanga kwenye benchi, watoto mapajani. Wa kwanza akafungua mkoba, akatoa mswaki ukiwa bado ndani ya nailoni yake. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu kaukunjia kwenye leso. Wa nne alijawa na fahari.

"Haujaguswa hata na vumbi, nesi. Nimeuweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni."

"Na meno ya mtoto?"

"Wewe si ulisema utaukagua? Sasa ningeuchafua?"

Damu ikamchemka Bibi Meno. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa, lakini haya yalikuwa masikio mazima kabisa. Yamesikia kila neno na kulielewa kinyume. Miswaki kumi na minane, yote mipya! Alitamani kuitupa dirishani, kisha na yeye aifuate.

Wa kumi na tisa alikuwa fundi cherehani, mwanamke mpole asiyezoea kusema mbele za watu. Mswaki wake ulikuwa umechakaa, nyuzi zimelala huku na huku, mpini una alama za kutafunwa. Hasira iliyomkaba Bibi Meno tangu asubuhi ikapata pa kutokea.

"Na wewe huu umesugulia viatu?"

Benchi zima likaangua kicheko. Fundi akainamisha kichwa, akaurudisha mswaki mfukoni, akamvuta binti yake mkono waondoke. Mtoto akagoma, akalia kinywa wazi, na hapo ndipo Bibi Meno alipoyaona meno yake. Yalikuwa meupe mpaka magego ya nyuma, bila doa hata moja. Mtoto mmoja katika kumi na tisa, na mama yake ndiye aliyechekwa.

"Mama, ngoja!" Bibi Meno akamwita fundi.

Fundi hakugeuka. Wa ishirini alikuwa ameshaketi, mtoto kapanua kinywa. Bibi Meno akajiambia atamwomba radhi kliniki ijayo, mbele ya benchi lile lile lililomcheka. Mwezi mzima aliyapanga maneno, na mwezi mzima aliona aibu.

Kliniki ijayo fundi akawa wa kwanza kufika. Kabla Bibi Meno hajasema neno, fundi alitoa kitu mfukoni na kukiweka mezani kwa mikono miwili. Ulikuwa mswaki mpya, ndani ya nailoni yake.

"Nisamehe kwa siku ile, dada nesi," alisema akitabasamu. "Ule nimeutupa. Huu nimeutunza vizuri, mtoto hajaugusa hata mara moja."