Maji Hayavuki Mlango Ule

Mteja akitaka shuka ya Kimasai, Hyasinta humwambia asubiri kidogo, huvua ndala, huvaa raba, huingia stoo. Tangu Pasaka stoo hiyo ya Kariakoo imekuwa nyika ya wafugaji, na shuka zake ziko ng'ambo. Hakuna anayeshangaa, mjini hapa kila mtu ana lake. Abdulrazak wa duka la jirani alilalamikia vumbi tu, akanunua turubai.

Njiani huwapita mbuni, twiga, na pundamilia wanaokunywa maji ya kisima ndani ya uzio. Kisima kile ni cha kina Sendeu, wafugaji wa pale, tangu enzi za babu zao, ila kampuni moja ya watalii imekizungushia waya. Ng'ombe wa mzee Sendeu husimama nje, mbavu zinahesabika, wakitazama wenzao wakinywa.

Hyasinta alijaribu, jamani, msimlaumu bure. Alijaza ndoo bombani akajitwisha. Shuka zinatoka, vumbi linatoka, nzi ndiyo usiseme. Lakini maji hayavuki mlango ule. Ndoo ilifika kavu. Akajaribu dumu, akajaribu chupa za dukani na vifuniko vyake. Kavu. Alikaa chini akalia kwa uchungu, halafu akaenda kumhudumia mteja.

Na kila akipita, mzee Sendeu humwita. Kwao mgeni hapiti bomani bila kunywa maziwa. Hyasinta huamkia, huinamisha kichwa kiguswe, hupokea kibuyu. Maziwa yalizidi kupungua, na ndama alilala pale pale akimwangalia.

"Baba, leo mpe ndama," alimwambia siku moja.

"Mgeni akipita hapa bila kunywa," mzee alijibu, "mimi nimebaki kuwa nani?"

Hyasinta akanywa.

Jana alikuja mteja anayekwenda mbugani kutazama wanyama, akataka shuka ya kupigia picha. Hyasinta akavaa raba. Ng'ombe wa mwisho alikuwa ameanguka kando ya waya, ndama amemlalia ubavuni, wote kimya. Mzee Sendeu alisimama mahali pake, kibuyu mikononi.

Hyasinta aliamkia, akainamisha kichwa, akapokea. Kibuyu kilikuwa chepesi. Akakiinua, akanywa taratibu mpaka mwisho, akafuta midomo.

"Asante, baba. Matamu."

"Karibu tena," mzee alisema.

Mteja aliigeuzageuza ile shuka, akauliza kama hakuna iliyokolea zaidi. Hyasinta akarudi stoo.