Konradi Yupi?

Ungekuwa wewe, mkamwana wako anakuletea jina ambalo halimo katika ukoo wenu wala wake, ungenyamaza?

Jina lenyewe nililijua. Konradi ni yule mnunuzi wa alizeti, mwenye lori la bluu na mashati yanayonukia sabuni, ambaye kila akifika kijijini kwetu Mwankoko huyapima magunia ya Scholastika kabla ya watu wote. Na mwanangu Benjamin yuko kwenye ujenzi Dodoma, nyumbani anakuja kwa kubahatisha. Sasa Scholastika kajifungua, anasema mtoto ataitwa Konradi. Nilimgeuza yule mtoto, nikatazama masikio, vidole vya miguu, mpaka kisigino. Vidole vilikuwa vya Benjamin, lakini roho haikutulia.

Bombani, jirani yangu Amne akazidi kunichokonoa.

“Bibi Klara, nasikia mnunuzi wa alizeti kapata somo, mtoto wa jina lake?”

“Nani kakwambia?”

“Aa, mimi nachota maji tu.”

Jumamosi tukaenda kwa katekista Antipasi kuandikisha ubatizo. Njia nzima nilikuwa nyuma ya Scholastika, namtazama kisogo. Jina likishaandikwa pale, limeandikwa.

“Shikamoo, mama,” Antipasi akasema.

“Marahaba, mwalimu. Hili jina ni la mtakatifu, au la mtu tu?”

“La mtakatifu. Askofu wa Ujerumani, zamani sana.”

“Konradi yupi?”

“Hapo sasa! Walikuwa wengi. Wengine maaskofu, wengine maduki, yaani watawala, tuseme kama watemi wetu. Enzi za huyo askofu alikuwepo duki Konradi, wakimwita Mwekundu. Alioa binti wa mfalme, kisha akamgeuka baba mkwe wake, wakapigana.”

“Umesikia?” nikamwambia Scholastika. “Mtu anamgeuka mkwe wake!”

“Baadaye walipatana,” Antipasi akasema, “akafia vitani upande wa mkwe huyo huyo. Jua lilikuwa kali, akalegeza vazi lake la chuma apate hewa, mshale ukamwingia kooni.”

“Na askofu?” nikauliza.

“Inasimuliwa kuwa buibui aliangukia kikombe chake cha misa. Siku hizo watu waliamini buibui wana sumu. Hakuimwaga ile divai takatifu. Aliinywa pamoja na buibui wake.”

Scholastika akacheka kidogo. Kicheko kile kilinichoma.

“Unacheka nini? Mwambie mwalimu: Konradi wako ni wa mbinguni, au wa lori?”

Akanigeukia taratibu.

“Ala! Kumbe ndicho kinachokusumbua, mama? Yule mwizi wa mizani? Ananipimia kwanza niondoke haraka, nisije nikawafumbua macho wenzangu!”

Antipasi akainamia daftari lake, mabega yanamcheza. Mimi nikabaki nimeshika pindo la kanga.

“Basi kwa nini Konradi?”

“Wa buibui. Nilimsikia hapa hapa, kwenye mafundisho, nikampenda.”

“Huko kwetu majina yameisha?”

“Mtoto wa kwanza ulimwita Mughwai, jina la baba mkwe. Sikusema kitu. Wa pili ukamwita Maria, jina la mama yako. Sikusema kitu.” Akamfunua mtoto uso, akamtazama yeye badala yangu. “Nilitaka mmoja nimpe jina mimi, mama. Mmoja tu.”