Mama Nyuma ya Magunia ya Pamba

Mume wangu alimfundisha mama yangu ualimu karibu mwaka mzima bila kumwona. Nikisema hivyo watu hudhani natia chumvi. Sitii. Mimi ndiye niliyekuwa katikati, mke wa mmoja na binti wa mwingine, na kama kuna mtu aliyechakaa miguu kwa ajili ya chuo kile, ni mimi Paskalia.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Serikali ilitangaza kwamba kila mtoto lazima aende shule. Jambo zuri, ila walimu wa kuwafundisha watoto wote hao hawakuwapo. Vyuo vya mjini vilikuwa vinatoa walimu kwa kijiko, na watoto wanamiminika kwa ndoo. Basi ikaamuliwa watu waliomaliza darasa la saba wasomee ualimu huko huko vijijini, kwa redio, kwa vitabu, na kwa mkufunzi anayezunguka kwa baiskeli. Chuo cha kata yetu, upande wa Kishapu, kiliwekwa ndani ya ghala la pamba. Mama yangu Febronia, aliyesomeshwa na masista huko Ushirombo kabla ya kuolewa, alijiandikisha kabla hata ubao haujafika.

Ubao ukafika, na mkufunzi akafika. Alikuwa Athanas, mume wangu, amehamishwa kutoka Geita.

Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake. Hali mbele yake, hamtaji jina, na wakikutana njiani mmoja anaiacha njia. Athanas alikuwa bingwa wa adabu hiyo. Siku moja alimwona mama anatoka kisimani, akaingiza baiskeli katikati ya pamba ya watu, akaanguka, na akabaki amelala huko huko mpaka mama alipopita. Sasa mtu huyo ndiye aliyetakiwa kusimama mbele yake amfundishe kushika chaki.

Aliomba ahamishwe. Akajibiwa kwamba wakufunzi hawaoti shambani, aendelee na kazi.

Dawa aliipata mama mwenyewe. Msimu ule ghala lilijaa pamba, na mama akaomba magunia yapangwe nyuma ya darasa kama ukuta, yeye akae upande wa pili na kigoda chake. Athanas akigeukia ubao kuandika, kichwa cha mama kilichomoza juu ya magunia. Akigeukia darasa, kichwa kilizama. Mama akiwa na swali alimnong'oneza mwanachuo mwenzake Mageni, naye Mageni akasimama na kusema, "Mwalimu, kuna mtu huko nyuma anauliza." Na huyo mtu wa nyuma aliuliza kuliko darasa zima. Mageni alichoka, akasema kama angejua kwamba ualimu ni kubeba maswali ya mama wa watu angekwenda Geita kuchimba dhahabu.

Jina ndilo lililokuwa na kazi. Athanas akiita mahudhurio, akifika kwa mama alikohoa, na nyuma ya magunia sauti ikajibu, "Nipo." Hilo likazoeleka, mpaka mume wangu alipokamatwa na mafua. Siku hiyo mama aliitika "Nipo" mpaka sauti ikamkauka.

Nilicheka sana kipindi kile, sikatai. Halafu malori ya kuchukua pamba yakaanza kuja.

Kila lori lilipoondoka ukuta wa mama ulipungua. Ulishuka ukawa wa mabegani, ukawa wa kiunoni, mama akaacha kigoda akawa anakaa chini. Mwishowe lilibaki gunia moja, na mama si mwembamba. Alilala nyuma yake kama mtu anayewinda kanga, daftari kifuani, akisikiliza somo la saikolojia ya mtoto.

Hapo ndipo ilipofika taarifa ya mtihani wa mwisho. Kila mwanachuo afundishe somo moja mbele ya watoto, na mkaguzi awe ndani ya darasa akitazama. Mkaguzi wa wilaya tulimsubiri. Gari lake halikuwa na petroli. Akaagiza mkufunzi wa kata akague mwenyewe, amalize wiki hiyo hiyo, na asiyekaguliwa ahesabiwe hakumaliza chuo.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bujiku, alikuja nyumbani kwetu jasho linamtoka. Wenzake mama wote walikuwa wamepangiwa vijiji vingine. Wa kwetu alikuwa yeye peke yake.

"Ndugu mkufunzi," alisema, "yule asipomaliza, shule yetu haifunguliwi. Watoto watarudi kuchunga. Mkague."

"Mzee, nitamkagua vipi na mimi simtazami?"

"Basi mpe alama tu. Nani atajua?"

Mume wangu alisimama. "Nimpe alama mama mkwe wangu bila kumwona akifundisha? Wengine wote nimewatoa jasho, yeye nimpe bure? Hapana, Mzee."

Nilikasirika nikatamani kumpiga na mwiko, na wakati huo huo nikampenda. Nikaenda kwa mama. Nilimkuta anapepeta mtama ambao ulishapepetwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwambie mwenzako asihangaike. Bora nirudi kwenye pamba kuliko kumvunjia heshima mkwe wangu."

Alisema hivyo akiendelea kupepeta, lakini machozi yalikuwa yanadondokea kwenye ungo. Mama yangu hakulia hata alipomzika bibi. Nikajua kwamba hajawahi kutaka kitu chochote kama alivyotaka kile cheti.

Basi nikapanga mimi. Athanas angekaa nje ya ghala, chini ya dirisha, mgongo ukutani, asikilize. Mimi ningekaa ndani karibu na dirisha nimnong'oneze kilichopo ubaoni. Mkaguzi awe na masikio yake na macho yangu. Wote wawili walikubali, kila mmoja akidai anafanya hivyo kwa ajili ya mwenzake.

Asubuhi ya mtihani watoto walijaa sakafuni, wengi wao hawajui neno la Kiswahili. Somo la mama lilikuwa maamkizi. Aliingia amevaa gauni la kanisani, akaandika ubaoni kwa mwandiko wa masista, nami nikanong'ona dirishani, "Mwandiko umenyooka."

"Ukubwa je?" dirisha likauliza.

"Wa kutosha!"

Watoto wakageuka wote. Mama akawarudisha. Akawafundisha: kwa Kisukuma tunasema mwangaluka, kwa Kiswahili mkubwa unamwambia shikamoo. Mtoto wa kwanza akasimama, akasema shikamoo akitazama sakafu.

"Umeisalimia miguu yangu," mama akamwambia kwa Kisukuma. "Miguu haiitikii. Nyanyua uso."

Yule mtoto akanyanyua uso, akarudia, akaitikiwa, darasa likapiga makofi. Hapo somo likakolea. Kila aliyesalimia kwa kuinama, wenzake walimpigia kelele, "Miguu! Miguu!"

Kule nje jua lilikuwa limempata Athanas, akajisogeza, na kofia yake ikaanza kupita dirishani, mara huku mara kule. Watoto wakaacha kumtazama mama, wakaitazama kofia. Mama alivumilia. Akagonga ubao. Kofia ikapita tena, darasa likaangua kicheko. Hapo mama, bila kugeuka, kwa sauti ambayo mimi niliifahamu toka utotoni, akasema:

"Wewe uliye dirishani, ingia ukae au uondoke. Hapa tunasoma."

Sijui ni nini kilimwingiza. Nadhani ni ile sauti tu. Mume wangu, mkufunzi wa kata nzima, aliingia mlangoni ameinamisha kichwa, akakaa sakafuni kati ya watoto, magoti yakimfika masikioni. Mama aligeukia ubao, akabaki huko. Mzee Bujiku, aliyekuwa mlangoni, alivua kofia kama mtu aliyefika msibani.

Kabinti kamoja ka mbele kakanyoosha kidole. "Mwalimu, huyu mtu hajasalimia."

Watoto wote wakamgeukia. Athanas akasimama, akaikazia macho sakafu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Miguu!" darasa likalipuka. "Miguu! Miguu!"

Nilishika dirisha. Mama angewaambia watoto nini? Kwamba kuna watu ambao somo haliwahusu? Basi somo limekufa hapo, na cheti nacho. Aligeuka kutoka ubaoni polepole, chaki imevunjika mkononi.

"Nyanyua uso," alisema.

Athanas akanyanyua uso. Wakatazamana, kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Watoto walipiga makofi. Mama alimalizia somo lake mpaka mwisho, bila kuruka kitu. Kisha yeye akatoka kwa mlango, na mume wangu akatoka kwa dirisha.

Wazee walikaa kutafuta nani alipe mbuzi wa kuvunja heshima. Ndugu zangu walisema Athanas alitazama. Wajomba zake walisema aliamriwa. Mzee Bujiku akaamua kwamba mkosaji ni serikali, na kwa kuwa serikali iko mbali, akachinja mbuzi wake mwenyewe. Tulikula sote, wakwe wale wakiwa pande mbili za nyumba.

Mama alifaulu. Athanas alimkata alama moja tu, akidai mwanafunzi mgeni alipewa nafasi kuliko wenzake. Nikapeleka habari. Mama akasema, "Mwambie mwanafunzi mwenyewe alichelewa kuingia darasani." Hilo nalo nikalipeleka.

Siku ya vyeti kata nzima ilikuja ghalani. Gunia hata moja halikuwapo. Mama alikaa benchi la nyuma, peupe, uso umegeukia ukuta. Athanas aliita majina: Ndugu Mageni, Ndugu nani, mmoja mmoja. Kilipobaki cheti cha mwisho watu walianza kutabasamu, wakisubiri kikohozi.

Hakukohoa. Alikishika kile cheti kwa mikono miwili, akatazama chini kama mkwe anavyopaswa, akaita:

"Mwalimu."

Mama akasimama. "Nipo," akasema.