Kiti cha Kushoto

Mume wangu ni dobi, mimi ni dobi, na tangu tuoane hatujawahi kumaliza siku bila kugombana. Si ugomvi wa kuvunja sahani. Mimi nafoka, yeye anajibu kwa mzaha, nafoka tena kwa sababu ya huo mzaha, na nguo zinaisha. Yeye hupiga pasi, mimi nasimama kushoto kwake nakunja. Mtaa mzima unaniita Bi Moto, na jina hilo alinipa yeye.

Siku ile nilikuwa nafoka kwa ajili ya kola. "Hili shati linakwenda harusini au shambani?" nikamuuliza, nikasubiri jibu. Likatoka zito, kama la mtu aliyejaza chakula mdomoni. Nikadhani ananidhihaki. Nikageuka nimpe lake, nikaona mdomo wake umeshuka upande mmoja, mate yanachuruzika, na mkono wa kushoto unaning'inia tu. Pasi ilikuwa imelala juu ya kitambaa na moshi umeshaanza. Nikainyanyua, nikachomoa waya.

"Uko sawa?"

"Nko shawa," akasema, akatabasamu nusu. Tabasamu lile lilinikata maini.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuwa uani anaanika. Akaja mbio. Tumlaze kidogo, akasema, tumpe maji ya sukari, ni joto la pasi tu.

"Maji hapana! Mdomo wenyewe haufungi, si yatampalia? Twende hospitali!"

"Ngoja kwanza apumzike..."

"Wifi, huyu mtu ameshindwa kunijibu! Tangu lini akashindwa kunijibu?"

Hapo akaelewa. Seremala jirani yetu akatoa gari lake la kubebea mbao, tukampakia.

Daktari alikuwa binti mdogo lakini hana masihara. Swali lake la kwanza: mara ya mwisho alionekana mzima lini? Nikamwambia ni sasa hivi, kabla ya ugomvi wa kola, alinijibu vizuri kabisa kwamba nikikasirika napendeza. Akaandika bila kucheka. Wakampiga picha ya kichwa, kisha akanieleza: ni kiharusi, damu imeganda na kuziba mshipa upande wa kulia wa ubongo. Kwa kuwa tumewahi, wanaweza kumpa dawa ya kuyeyusha lile bonge, ingawa nayo ina hatari ya kumvujisha damu ubongoni. Nikasema mpeni.

"Wengi hulazwa kwanza nyumbani ndipo waletwe," akasema daktari. Wifi akatazama chini. Nikamshika mkono, maana wakati ule sikuwa na hasira na mtu.

Dawa ikafanya kazi. Mdomo ukanyooka, maneno yakarudi, hata mguu ukaanza kutii. Nikamshukuru Mungu, nikakaa kando ya kitanda, kushoto kama nilivyozoea, nikaushika mkono wake.

Akamuuliza wifi aliyekaa kulia, "Mke wangu yuko wapi?"

Jamani! Na mimi nimemshika mkono!

"Niko hapa," nikasema. Akageuka, lakini akageukia kulia. Akamkodolea macho dada yake. "Sauti ni ya Bi Moto," akasema, "lakini sura ni ya dada." Wifi alicheka hadi machozi. Mimi sikupitia kwenye kicheko, nililia moja kwa moja.

Mtaalamu wa mazoezi, kaka mmoja mpole, ndiye aliyenifumbua macho. Macho ya mume wangu ni mazima, akasema, ila ubongo umesahau kwamba duniani kuna upande wa kushoto. Ndiyo maana alikula nusu ya sahani kisha akalalamika kwamba hospitali hii ni bahili. Ndiyo maana alinyoa shavu moja akajiona yuko tayari kwenda kuposa.

"Basi nihamie kulia," nikasema.

"Hapana, mama, hicho ndicho usifanye. Ukihamia kulia, ubongo wake utakosa sababu ya kurudi kushoto. Kaa hukohuko. Muongeleshe, mguse, umsubiri mpaka akutafute."

Maneno rahisi hayo, kwa mtu ambaye mgonjwa si wake.

Tuliporudi nyumbani, wifi alihamia kwetu kusaidia, na vita vikaanza. Yeye akiweka kikombe kulia, mimi nakisogeza kushoto.

"Unamtesa kaka yangu!" akanipandishia. "Mgonjwa unamchezesha mchezo wa kujificha?"

Mimi, Bi Moto, nikakisogeza tena kikombe bila kufoka, kwa sababu moyoni nilikuwa naona hivyohivyo. Nilimpikia, nilimnyoosha vidole kimoja kimoja, nikamfokea, nikambembeleza, na shukrani zote akapewa wifi kwa kuwa ndiye aliyeonekana. Wivu? Ndiyo, niliona wivu, tena kwa wifi! Lakini kilichoniuma zaidi ni siku niliyomsikia akimnong'oneza, "Dada, niambie ukweli. Ameniacha?" Nilikuwa namfunga kifungo cha mkono wa shati.

Baadaye mtaalamu akaruhusu arudi kwenye meza ya kazi, lakini kwa pasi ya baridi, isiyochomekwa umeme, asije akaunguza mkono asioukumbuka. Akabandika utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa meza. Kabla ya kuanza kila shati, autafute kwanza. Mwanzoni alipitisha pasi kwenye nusu ya shati na kuliweka kando kwa madaha.

"Na upande wa pili?"

"Upande gani?"

Taratibu akafika kwenye vifungo. Akavivuka. Siku nzuri akauona utepe, na wifi akapiga vigelegele. Lakini mimi nilikaa kwenye kiti changu ng'ambo ya utepe, na huko hakufika.

Kisha ikaja siku wifi alipokwenda sokoni, tukabaki wawili. Nikamwambia shati halijaisha. Akainua uso, akautazama mlango ulio kulia, akaita kwa upole, "Bi Moto, ingia basi. Mbona unasimama nje?"

Maji yalinifika shingoni. Basi! Ubongo ukae na sababu zake, mimi nataka mume wangu anione. Nikanyanyua kiti changu ili nikihamishie kulia. Sikufika popote. Nikasimama palepale nimekikumbatia kiti, machozi yananitiririka bila sauti.

Pasi ikasimama.

"Bi Moto?" Akatazama mlangoni. "Bi Moto, mbona umenyamaza?"

Sikunyamaza kwa ujanja. Akainamia shati. Kisha kichwa kikaanza kugeuka, polepole, shingo inatetemeka. Kikapita vifungo, kikapita mkono wa shati, kikafika kwenye utepe na kutua hapo. Akauvuka utepe. Macho yakanifika begani, yakapanda usoni, yakakaa.

"Kumbe uko hapa," akasema.

"Niko hapa kila siku, we mwanamume!"

"Unalia."

"Silii. Ni moshi wa pasi."

"Pasi baridi itoe moshi?"

Nikacheka na makamasi yangu. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama kwa bidii, jasho linamtoka kwenye paji la uso, na mimi sikuwahi kutazamwa hivyo hata siku ya harusi yetu.

"Hicho kiti unakipeleka wapi?"

"Kulia, uwe unaniona. Nimechoka, mume wangu."

Akafikiri. "Kiweke chini," akasema. "Wewe kaa hapohapo. Nitakutafuta mwenyewe."

Nikakiweka. Macho yake yakachoka, yakateleza, yakarudi kwenye shati, na nikajua nimeshapotea tena. Nikakaa, nikamsubiri.